Ile ya Mwisho Kwanza

Juzi, ofisini mtaa wa Himbi, nilipanga faili zipakuliwe moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikaanza, zingine zikaandikiwa "inasubiri", nami nikashusha mabega. Wenzangu hunicheka: siku hizi mtandao una nguvu, kwa nini usiziite zote pamoja? Sijawahi kuwajibu vizuri. Ngoja nikujibu wewe.

Nilikulia mtaa wa Ndosho, mjini hapahapa, wakati vita vilipokuwa vikishusha watu kutoka milima ya Masisi. Bibi alishuka nao, akakaa kambini Kanyaruchinya hadi tulipomleta nyumbani kwetu. Mama mdogo, binti yake wa mwisho, alishika njia ya Uganda akiwa na mimba kubwa. Tangu hapo, kimya.

Asubuhi kazi yangu ilikuwa maji. Kwetu ni bidoni, dumu la maji, inayopanga foleni, si mtu: unaiweka nyuma ya zingine, unaenda kuchagua maharagwe au kununua makaa, ukirudi unakuta wameisogeza. Mimi sikuweza kuiacha, nikihofia ingerukwa. Nilisimama kando yake kama askari, na akina mama wakanitania, "We mutoto, hiyo bidoni iko na miguu?"

Hofu hiyohiyo niliingia nayo siberi, chumba cha jirani chenye kompyuta za kukodi na harufu ya jenereta. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuchungulia vidole vya wateja. Siku moja nikakuta ujumbe. Mtu aliyesafiri na mama mdogo alikuwa amemwazima simu arekodi maneno njiani, na alipopata mtandao akatutumia sauti zote pamoja, bila kuandika neno lake mwenyewe hata moja. Nilikimbia kumwita bibi. Alikuja amevaa kitenge cha kanisani.

Nikaziita sauti zote mara moja, nisikose hata moja. Zikatambaa kidogo, zikakatika zote. Nikarudia, zikakatika tena.

"Esansi inaisha!" jirani akanipazia sauti kutoka nje, akichungulia tangi la jenereta. "Na hiyo laini ni robine moja tu, mama. Unawekea bidoni zote chini yake?"

Wateja wakacheka kwa mfano huo wa bomba. Nikazipanga mstari, ya kwanza mbele, kama inavyopasa. Bibi akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Anzia ku ile ya mwisho."

"Hapana, Tate, tutakosa mwanzo wa habari," nikamwambia bibi.

"Mwanzo naujua, nilikuwako. Mimi niko nataka kujua kama alifikaka."

Sikupenda. Mpaka leo kitu kilichovurugwa mpangilio hunikera. Lakini nikaipandisha ile ya mwisho juu ya zote. Mstari wa kijani ukajaa polepole, jenereta ikikohoa nje. Halafu ikasikika sauti tuliyoijua.

"Mama, nilishafika. Nilishazala. Mutoto njo huyu analia, unamusikia?"

Tulimsikia. Chumba kizima kilimsikia. Bibi alicheka hadi machozi, akawageukia watu asiowajua: "Mumesikia mujukuu wangu? Ana nguvu, huyo!" Kisha akasimama, akakaza kitenge.

"Tuende, tukapike."

"Na zingine, Tate?"

"Si ziko ku mulongo? Ziache."

Nikatoka naye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuacha kitu kwenye foleni bila kukilinda. Baadaye nilikuta nusu zimefika, na nusu zimekatwa jenereta ilipozimika. Nilikula sombe, majani ya muhogo aliyopika bibi, nikalala vizuri.

Siberi ile haipo tena. Pale wanauza vifuniko vya simu. Bibi naye alituacha, bila kuniuliza kamwe habari za zile sauti zingine. Yule aliyekuwa akilia sasa ni kijana mrefu, ananitumia video nisizomwomba.

Bado napanga faili zangu moja moja. Ila kabla ya kubonyeza naitafuta ile itakayoniambia kama mtu amefika, naipandisha juu. Halafu nainuka, naenda kunywa chai, naziacha zije.