Kioo Kilichotazama Wateja

Duka la dawa nililofanyia kazi lilikuwa mtaa wa Kijenge. Mwenye duka alikuwa mama wa Kichaga aliyeacha uuguzi serikalini mara watu binafsi waliporuhusiwa kufungua maduka kama hayo. Tulikuwa na daftari nene la wagonjwa, kisha akanunua kompyuta. Akaiweka juu ya kaunta, kioo kikitazama wateja, ili kila anayeingia aone tumeendelea. Nilihamisha daftari lote, jina kwa jina. Ukiandika jina, dawa zote za mtu zinatokea hapo hapo. Nilijivuna sana.

Siku moja akaja mwalimu wa chekechea, dada mpole aliyekuwa akinunua kwetu dawa za kifafa. Nilifungua jina lake. Mzazi mmoja alikuwa nyuma yake, akasoma. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulijua. Wazazi wakaanza kuhamisha watoto, mwalimu akaacha kazi. Tarehe yake ya kuchukua dawa ikakaribia. Nikasikia amerudi kwao.

Hizo si dawa za kuacha ghafla. Mtu anaweza kuanguka asiinuke. Nikageuza kompyuta, kioo kikatazama upande wetu, nikaweka na neno la siri.

"La nini?" mama akauliza. "Tuna nini cha kuficha?"

"Sisi hatuna, mama. Wateja wanacho."

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwao mwalimu, Usa River, na dawa mkobani. Nilimkuta uani akichambua maharage. Hakunipa kiti.

"Umekuja kuangalia kama nimeanguka?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ni mimi niliyekuanika." Nilieleza kosa langu bila kuisingizia mashine.

Alichambua weee, kisha akauliza, "Sasa nani anaweza kufungua jina langu?"

"Mimi na mama mwenye duka. Basi."

Akapokea dawa.

Wiki chache baadaye aliingia mzee mmoja, mkuu wa shule ya Makumira, rafiki wa mama.

"Kuna mwalimu ameomba kazi kwangu," alisema, akimtaja yule dada wa chekechea. "Nasikia ana maradhi. Hebu nitazamieni humo."

"Mfungulie," mama akaniambia. Yeye mashine ile hakupenda kuigusa.

Nilikuwa na mtoto wa kulea, na kazi nyingine sikuwa nayo.

"Nisamehe, mama. Nawe mzee, nisamehe. Jina la mtu nalifungua kwa ajili yake mwenyewe tu."

Mama alinikazia macho mpaka nikaanza kuhesabu siku zangu pale. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Umesikia. Ukitaka kujua, muulize mwenyewe."

Mzee akaondoka amenuna. Wakati wa kufunga, mama alichukua karatasi akaandika sheria ile kwa mkono wake, akaibandika nyuma ya kaunta.

Mwalimu aliipata kazi. Kama aliulizwa, na alijibu nini, sikumdadisi.