Wali Aliotupikia Jirani

Mama alitoka eda amekonda hata bangili zinamvuka mkono. Miezi minne na siku kumi aliikalia kwangu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos hapa Maskati, na tangu tulipomzika baba hakula tena pamoja na sisi. Sinia likishatandazwa, husema, "Kuleni, mimi nshashiba." Hakuwa ameshiba kitu. Baba mwenyewe hakumtaja hata mara moja, na sisi tukaogopa kumtaja mbele yake.

Tulipakana ukuta na bibi mmoja wa Kijapani, mumewe mhandisi. Siku moja alinigongea akatualika chakula cha mchana, mimi na mama tu. Samaki na wali, akaniambia kwa Kiingereza. Nyama hakuna, na mvinyo hatautumia kupikia. Nilistaajabu alivyolifikiria hilo bila ya kuulizwa. Nilistaajabu zaidi mama alipokubali. "Mwaliko wa jirani haukataliwi," alisema, akavaa buibui lake.

Tulikaa chini, kwenye meza fupi. Kabla ya kula, mwenyeji wetu aliunganisha viganja, akainamisha kichwa, akatamka neno la kushukuru kwa kile alichojaaliwa. Kisha akatufundisha kushika vijiti: kimoja hutulia kwenye shina la dole gumba, kingine ndicho kinachokwenda. Usikichome chakula, usimnyooshee mtu. Mama alifuata kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akapata kipande cha tango, akapata tonge la wali, akacheka kidogo. Halafu, alipotaka kuupumzisha mkono, alivichomeka vijiti vyote viwili katikati ya bakuli la wali, vikasimama wima.

Uso wa bibi yule ulibadilika. Alivilaza vyake taratibu juu ya kitako kidogo cha udongo cha kulazia vijiti kilichokuwa mbele yake, akakisogeza cha mama karibu. Mama akafahamu, akavilaza na yeye.

"Muulize nimekosa nini," akanambia. Nikasita. "Muulize, mwanangu. Sioni haya kufundishwa, mimi."

Nikauliza. Aliyeona haya akawa mwenyeji. Kwao, alisema, vijiti husimamishwa vile kwenye wali wa maiti tu, ule unaowekwa mbele ya marehemu siku ya msiba. Nilitamani nisitafsiri. Nikatafsiri.

Mama akasema, "Muulize, na yeye ushamfika msiba?"

"Mama yangu," alijibu. "Alifariki mimi niko hapa Maskati. Sikuwahi maziko."

Mama akamshika mkono juu ya meza. "Mimi nimewahi. Nimemzika mume wangu. Alikuwa haviwezi vimiba vya samaki, nikimchambulia mimi, tangu harusi yetu mpaka alipolala kitandani. Sasa nikimuona samaki, sijui nimchambulie nani."

Nilitafsiri. Sisi watoto wake tulidhani hataki chakula chetu. Kumbe kila sinia lilikuwa likimkumbusha baba.

Bibi yule alichukua vijiti vyake, akakivuta kisahani cha samaki cha mama, akaanza kutoa miba, mmoja mmoja, hata ile myembamba kama uzi. Alipomaliza, alimsogezea mama kile kisahani kwa mikono miwili. Machozi yakimtoka, mama aliomba ruhusa ale kwa mkono, akamla samaki yule wote, na wali akauongeza.

Ijumaa iliyofuata mama alikuja mwenyewe kukaa kwenye sinia letu. Aliuliza nani kaupika mchuzi mchungu hivi, na nilifurahi kugombezwa.

Jirani yetu keshahama, mumewe kapelekwa nchi nyengine. Siku ya kuagana nilimwambia kwamba alinirudishia mama yangu. Akatikisa kichwa, akasema alipika wali tu. Sikubishana naye. Nilimkumbatia pale pale mlangoni, na mama, nyuma yangu, akimsomea dua ya safari kwa sauti.