Wageni wa Sokwe

Mume wangu alimleta sokwe mtoto nyumbani kwetu Itebero akiwa amemkumbatia kifuani kama mtoto wa mtu. Mama yake tulimla. Nalisema wazi kwa sababu mengine yote yalianzia hapo. Miezi michache baadaye homa ilimchukua mume wangu, nasi tukabaki wawili: mimi ndani ya nyumba, sokwe chini ya mparachichi, kamba kiunoni.

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Watu huja, hukaa, hupika, huzungumza mpaka uchungu upungue. Matanga yalipokwisha, kila mtu alirudi shambani kwake. Lakini waliomzoea sokwe waliendelea kupita, wakaleta na wenzao: waimbaji wa kanisa, wachuuzi wanaoelekea Hombo. Nilijiambia, huyu naye ni mfiwa, amepoteza mama, acha watu wakae naye. Nikatoa viti, nikavipanga mbele ya mti.

Hawakukaa naye kama mfiwa. Walimrushia vipande vya muwa, walimnywesha pombe ya ndizi, walimsogezea simu usoni wampige picha. Alipojikunja, walivuta kamba.

"Mama, ambia bwana yako mupya asimame!" mchuuzi mmoja alisema. "Ao iko na haya ya wageni?"

"Iko na wivu," mwenzake akajibu. "Anaona unaangalia muke yake."

Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka. Nguo ya msiba ilikuwa bado mwilini mwangu.

Sokwe alianza kunyonyoa nywele za mkono wake, moja moja, mpaka ngozi ikabaki wazi na kutoa damu. Mama jirani aliona.

"Dada, hii nyama inachoka na watu. Uipeleke nyuma ya jikoni, ipumzike."

"Ikibaki peke yake njo itakufa," nilimjibu.

Halafu mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Njia ikawa matope, hakuna aliyekuja. Siku ya pili sokwe alimaliza ndizi zake zote. Siku ya tatu alichukua jani la mgomba, akajifunika kichwa, akalitoa, akajifunika tena, akicheza mwenyewe. Mkono hakuugusa. Nilimtazama kutoka mlangoni, na badala ya kufurahi nililia, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya.

Siku ya nne jua lilitoka. Sauti zikasikika njiani. Sokwe alizisikia kabla yangu. Aliacha jani, akaficha kichwa kati ya magoti, na vidole vikarudi kwenye mkono ule.

Kutoka mtini mpaka nyuma ya jikoni ni hatua kumi. Kamba ilikuwa na fundo moja tu. Nilikuwa nimeshaelewa, sitasema kwamba sikuelewa. Nilifagia uwanja, nikafuta maji ya mvua kwenye viti, nikavipanga.

Kidonda kilioza, naye akafa kabla ya mahindi kukomaa. Nilimzika mwenyewe. Watu walikuja kunipa pole, wakakaa kwenye viti vilevile, wakaniuliza amekufa na nini.

Niliwaambia aliugua.