Dawati la Dirishani

Mwalimu wetu wa uraia hapa Illinois hugawa mtihani wa katiba, ya taifa na ya jimbo, akilamba kidole kwa kila karatasi. Moja huiweka kwenye dawati la dirishani, alipokuwa akikaa mwanafunzi wake Lorna Haskett kabla mto haujamchukua. Humwekea na penseli iliyochongwa, kisha hunong'ona, "Usiharakishe, mama." Kila mwaka huichukua tupu, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, pale si hakuna mtu?" Dwight alimuuliza safari hii.

"Bila kufaulu katiba, hatoki mtu shule hii."

Kengele ilipolia, ile karatasi ya dirishani aliisoma taratibu, jibu baada ya jibu, uso ukamkunjuka. Akaenda kufungua mlango, akasimama pembeni.

"Haya, nenda, mama."

Dwight, aliyekaa karibu na njia, akavuta miguu ndani.