Miaka Mitano kwa Mkono wa Mama

Simu ilinikuta dukani, Singida Mjini, napima dengu za mteja. Alikuwa jirani wa mama. "Njoo Ikungi," alisema. "Mama kapigwa."

Mama alikuwa na miaka sabini na nane. Asubuhi hiyo alikuta ng'ombe wa mwanakijiji mwenzake, mtu mzima mwenye familia, wamo kwenye alizeti yake. Alipowaswaga watoke, mwenye ng'ombe alimpiga kwa fimbo ya kuchungia mpaka mkono ukavunjika. Mama hakukimbia. Kwa magoti yale angekimbilia wapi?

Miezi yote ya kesi sikutulia. Nilifunga duka mapema, nikaenda mahakamani hata siku ambazo kesi yetu haikupangwa. Wazee wa ukoo walikuja kutuomba tuyamalize nyumbani. Mama, mkono ukiwa kwenye hogo la plasta, aliwajibu: "Mimi nimevunjwa huku huku nyumbani. Niacheni niende."

Siku ya hukumu tulikutana na yule mtu kwenye korido, kafungwa pingu. Aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akaitika.

Damu ilinipanda. "Unamwitikia wa nini?"

"Kaniamkia, mwanangu. Ninyamaze?"

Hakimu alimtia hatiani. Yule mtu alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, aliomba ahurumiwe: ana watoto wadogo, na mama yake mzee anamtegemea yeye.

Hakimu akamjibu: "Kama una mama mzee, ulijua vizuri unampiga mtu wa namna gani." Akasema umri wa mama yangu ndio uliomfanya aongeze adhabu. Akampa miaka mitano.

Nilitoka nikauzunguka uwanja wa mahakama, nikauzunguka tena. Nilitaka wanaopiga wazee wabanwe, na huyu kabanwa, lakini miaka mitano haikunitosha. Nilitaka kumi. Angepewa kumi, nadhani ningetaka ishirini.

Mama alikataa kuhamia kwangu mjini. Mkono uliunga umepinda, sasa analimiwa. Mama wa yule mfungwa akawa anapita njia ya nyuma ili wasikutane. Mwezi uliopita mama yangu alimfuata mwenyewe hadi kwake, kampelekea unga.

"Umeenda kwao?" nilipiga kelele kwenye simu.

"Yule mama hakunipiga," akasema.

Nikamuuliza kama amefunga mlango.