Uji wa Mzazi

Mdogo wangu alianza kupikiwa uji wa mzazi akiwa hana mtoto, hana mimba, na hata mchumba hana. Mama aliukoroga kwa unga wa ulezi, akatia maziwa na samli, akausimamia jikoni mpaka ukaiva vizuri. Kwetu, sisi tulioteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, uji huo hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua ili mwili wake urudi. Mdogo wangu alipewa ili aende chuo kucheza mpira.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi nyumbani Sigino, nje kidogo ya mji wa Babati, kutoka machimboni Mirerani. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na si kwa sababu ya ada. Nilishindwa kukaa. Nimekuwa utingo wa lori la vitunguu, nimepiga plasta Singida, nimelinda shamba la mbaazi la mtu nisiyewahi kumwona. Kila nikifika mahali nataka kujua watu wa pale wanafanyaje mambo yao, nikishajua miguu inaanza kuwasha. Mdogo wangu hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, kusoma mbele zaidi ya pale tulipokomea sisi wakubwa zake, na alikuwa na mguu wa kushoto.

Alikuwa kidato cha nne, winga wa timu ya wasichana ya shule yao. Siku moja nilikwenda kumwangalia akicheza na shule nyingine kwenye uwanja wa mjini. Walimu na wanafunzi walikuwa wamejazana katikati, wanapiga kelele, lakini kwenye kona ya uwanja alikaa mwanamume mfupi mwenye kofia, kimya kabisa. Nikaenda kukaa karibu naye. Nilitaka kujua ni mtu gani anakuja kwenye mpira halafu hashangilii.

Baada ya muda akaniuliza kama namfahamu yule namba kumi na moja. Nikasema namfahamu, analala chumba cha jirani na changu. Akanitazama vibaya, ikabidi nimweleze haraka kwamba ni mdogo wangu, tumbo moja.

"Anapokimbia mabega yake hayachezi," akasema. "Nani alimfundisha?"

Nikamwambia hakuna aliyemfundisha. Kila asubuhi kabla ya shule alikuwa anapeleka maziwa kwenye migahawa ya mjini, dumu mkono huu na dumu mkono huu, kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, kwa sababu wenye migahawa wanataka maziwa kabla wateja wa chai hawajafika. Jioni alichota maji. Jumamosi alikuwa shambani. Yule mtu akacheka kidogo, akasema yeye ana vifaa vya mazoezi chumba kizima na hajapata kifaa kama hicho.

Alikuwa kocha wa chuo kimoja cha binafsi huko Dodoma. Chuo hicho kilikuwa kinaunda timu ya wanawake, na mchezaji aliyechaguliwa angesoma bure, angelala bure na kula bure, na mwisho angetoka na cheti cha ualimu. Jioni ileile nilimleta nyumbani. Alimwamkia mama shikamoo, akakubali kukaa kwenye kigoda, akanywa maziwa ya mgando mpaka chini. Akaeleza kwamba yeye amesharidhika, ila mkuu wake wa michezo lazima amwone binti kwa macho yake. Wangekuja wote baada ya mvua za masika, na timu yao, wacheze mechi moja na timu ya binti hapahapa Babati.

Aliposimama kuaga ndipo akataja habari ya msichana mwingine. Alimpata mwaka uliotangulia, mkoa mwingine, mzuri sana. Wiki chache kabla ya kwenda chuo msichana yule akaingia kwenye mechi za mtaani, akakanyagwa kifundo. Mpaka leo anachechemea. Kocha alilisema hilo kama mtu anayesema habari za njiani, akavaa kofia yake, akaenda.

Mama alibaki ameshika mdomo. Nadhani katika yote aliyoyasikia jioni ile, ni hilo tu lililoingia.

Mitihani ikaisha, mdogo wangu akarudi nyumbani kusubiri. Kitu cha kwanza alichonyang'anywa ni madumu ya maziwa. Nikapewa mimi, na baiskeli ya baba. Halafu ndoo za maji. Halafu jembe. Mama alisema njia imejaa mawe, kisima kina utelezi, na jembe limewahi kumkata shangazi yetu kidole. Hakusema kwa ukali. Alimkalisha kwenye mkeka kivulini, akamwambia mguu ule si wake peke yake tena.

Ili kuelewa yaliyofuata ni lazima umjue mama. Sikuwahi kumwona amelala mchana. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo na kulala baada ya mbwa. Siku pekee alizopumzika maishani mwake ni zile alizotoka kujifungua, ambapo mama yake na majirani walimzuia asiguse maji ya baridi, wakamkanda, wakampikia. Alikuwa akizisimulia siku hizo kama watu wengine wanavyosimulia safari ya Ulaya. Sasa alikuwa na mwili mwingine wa thamani mikononi, na njia ya kuutunza aliijua hiyo moja.

Na majirani waliijua hiyohiyo. Mtaa wetu una watu wa kila upande. Jirani mmoja, mama wa Kichaga ambaye mumewe ni karani mjini, alileta mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kila Jumapili baada ya ibada, kwa sababu kwao mzazi hupewa mtori. Mwingine kutoka Singida alileta kuku. Jioni walikusanyika na kuchemsha maji, wakachovya taulo, wakamkanda mdogo wangu miguu yote miwili kuanzia pajani mpaka kwenye vidole, kwa zamu, huku wakiimba nyimbo za kwaya na kusengenya waume zao. Sijawahi kuona wanawake wale wakiwa na furaha kama ile. Binti wa mmoja wao alikuwa anakwenda chuo, na kila mmoja alikuwa ameshika sehemu yake.

Vijana wa bodaboda pale njia panda hawakukaa kimya.

"Mzazi hajambo?" walimuuliza akipita. "Mtoto ameshaanza kucheka?"

"Mtoto yuko mguuni," akawajibu. "Njoo umbebe, akupige teke moja ulale wiki."

Walimpenda. Hao haohao vijana, siku moja alipotoroka akaenda kukimbia barabara ya kuelekea Mutuka, mmoja wao alimkuta njiani, akampakia kwa nguvu ya maneno na kumrudisha nyumbani bila kumdai chochote. Alimkabidhi kwa mama mlangoni. Akasema, "Mama, nimemkuta anacheza na bahati yetu." Mama alimshukuru sana, akampa mayai.

Mvua za masika zikaanza na ule udongo mweusi ukawa gundi. Uwanja wa shule ukajaa maji, hata aliyetaka kucheza asingecheza. Mdogo wangu akanenepa. Ngozi ikang'aa, mashavu yakajaa, na kila aliyepita alisema ameanza kuonekana mtu wa chuo. Mimi nilikuwa nayaangalia yote na kuuliza maswali yangu, kwa nini maji yawe ya moto na si ya vuguvugu, kwa nini samli na si siagi, na wanawake wakanijibu kwa uvumilivu. Swali moja tu halikunijia mimi wala mtu mwingine. Usiku mmoja mdogo wangu aliniambia kwamba anausikia mwili wake kama nguo ya kuazima. Nikamwambia hiyo ndiyo afya, hajaizoea.

Siku ya mechi mtaa mzima ulikwenda. Mama alivaa kitenge cha Krismasi na kubeba chupa ya chai na kanga ya kumfunika binti akitoka jasho. Kocha alikuja na mkuu wake, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, asiyecheka. Mlima Kwaraa ulikuwa umefunikwa na wingu nusu, na uwanja ulikuwa umekauka vizuri.

Mpira wa kwanza aliopata, mdogo wangu alimpita beki kama zamani. Tulipiga kelele mpaka ng'ombe waliokuwa wanakula nyuma ya goli wakakimbia. Mpira wa pili alimpita tena, lakini beki akageuka na kumfikia. Wa tatu hakumpita. Niliona mabega yameanza kwenda huku na huku. Mdomo ulikuwa wazi. Kabla ya mapumziko alikuwa ameshika kiuno, anatazama mpira ukipita mita chache mbele yake kama mtu anayeangalia basi alilochelewa. Kipindi cha pili walimwacha acheze mpaka mwisho. Ilikuwa heshima tu, na nilitamani wasingemfanyia.

Mama alishangilia muda wote. Hajui mpira. Aliniambia kwa sauti ya chini, amefurahi, kwamba binti anautunza mguu, haendi mbiombio kama wale wengine.

Baada ya filimbi ya mwisho yule mkuu aliondoka kuelekea kwenye gari bila kutazama nyuma. Kocha alimwita mdogo wangu kwenye mlingoti wa goli, na mimi nikawafuata. Akavua kofia. Alionekana kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wakubwa zake, na kweli alikuwa ameaibishwa.

"Miezi hii yote ulikuwa unafanya nini?" akamuuliza.

Mdogo wangu akasema alikuwa nyumbani.

"Nyumbani unafanya nini? Huyu si yule niliyemwona. Yule alikuwa na mapafu mawili. Uliumwa?"

Mdogo wangu akageuka. Upande wa pili wa uwanja mama alikuwa amesimama na wale majirani, amekunjua kanga, anasubiri kumfunika. Mama wa Kichaga alikuwa amemshika mkono. Walikuwa wanacheka kwa jambo fulani.

"Ndiyo, kocha," akasema. "Niliumwa."

"Sana?"

"Sana. Nilikuwa silali."

Kocha akampa pole. Akasema ugonjwa hauna mwenyewe, na kama mwakani atakuwa bado yuko chuo kile atamkumbuka. Akampa mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Nyumbani mdogo wangu alisema nafasi zimepungua, chuo kimechukua wa karibu kwanza. Mama alichochea moto. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejipangia kazi, kwamba mwakani hawatabahatisha. Wangeanza mapema zaidi, na samli angeagiza ya Mbulu kwenyewe, maana hii ya sokoni huchanganywa.

Nilimfuata mdogo wangu nyuma ya zizi. Nilimwambia mama anapaswa kuambiwa, la sivyo mwakani itakuwa yaleyale.

"Ukimwambia atakufa nayo," akasema. "Kaka, wewe huwa unaondoka. Mimi ndiye nitakayekaa namwona anavyojitazama mikono."

Tukakaa pale mpaka ng'ombe wakaingia.

Alijaribu kurudi kwenye kazi zake. Asubuhi moja alichukua ndoo, mama akaipokea mlangoni. Alishika jembe, mama akamwambia akae, bado ni mtu wa mwakani. Majirani wakaendelea kuja jioni, wachache kidogo kuliko mwanzo, na maji yakaendelea kuchemshwa. Alikuwa mtoto pekee mtaani kwetu asiyetumwa na mtu yeyote. Siku moja nilimsikia anasema, "Mama, nitume hata dukani." Mama akaangalia huku na huku jikoni, akatafuta kweli kitu kinachokosekana, akamwambia kila kitu kipo.

Mwishowe aliomba kwenda Arusha kwa mama mdogo mwenye duka la jumla. Mama alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba kazi yenyewe ni ya kukaa kaunta. Alimsindikiza mpaka stendi, na begi hakumwachia alibebe.

Nami baadaye niliondoka, kama kawaida yangu, na mwaka uliofuata nikapita Arusha kumwona. Nilimkuta nyuma ya duka anapakua gari la soda. Alikuwa anachukua kreti mbili kwa mpigo, anapanda nazo ngazi, anashuka anakimbia, na pumzi haikumsumbua hata kidogo. Mashavu yamerudi kama zamani. Nilisimama namwangalia kabla hajaniona, na mtu yeyote anayejua mpira angesimama pia, lakini pale palikuwa na dereva tu na utingo wake wanahesabu kreti. Nilimuuliza kama anacheza. Akasema Jumapili duka linafungwa saa nane na anafua. Nikamuuliza kuhusu kocha. Akasema alishampigia simu, kocha amehamia chuo kingine cha mbali, na huko hawana timu ya wanawake.

Simu yangu ikalia tukiwa bado tumesimama. Alikuwa mama, alijua ninapita Arusha. Aliniuliza kama nimefika dukani, kama nimemwona mwenzangu, anaonekanaje. Nikasema anaonekana vizuri.

"Anakaa?" akauliza. "Hawamsumbui?"

Mdogo wangu alikuwa ameshainamia kreti nyingine, ananitazama.

Nikamwambia mama kwamba anakaa.