Mdiria wa Maji Taka

Katika kundi letu la picha kwenye simu, Wakenya na Watanzania tuliotawanyika Riyadh na Jeddah, hakuna aliyejua lenzi kama kaka mmoja wa Ruwais, kule Jeddah. Alikuwa mhandisi, Mkenya, na kwa kuwa alikaa karibu na bahari aliamini ndege wote wa Saudia ni wa kwake. Ukituma picha ya korongo, anaikuza mpaka unyoya mmoja mmoja, kisha anakwambia, "Lenzi yako ni ya kupigia harusi, dada."

Mimi nilikuwa nesi Olaya, mtaa wa Riyadh, na lenzi yangu ilikuwa ile ile iliyokuja na kamera kutoka dukani. Siku moja nikatuma mdiria: mgongo buluu, mdomo mwekundu, samaki kambana. Nilimpiga hapa hapa Riyadh. Mhandisi hakuchelewa kuandika.

"Riyadh mafi bahari, mafi mto, hakuna maji kabisa. Huyu umemtoa mtandaoni. Admini, sheria ni sheria, mwizi wa picha anatoka. Halas, imekwisha."

Niliumia. Picha zile ndizo zilikuwa starehe yangu pekee nje ya wodi, na sasa naitwa mwizi mbele za watu. Nikamjibu aje aone kwa macho yake. Ndege asipotokea, nitajitoa mwenyewe kwenye kundi. Sikumwambia tu kwamba kusini mwa mji kuna kijito cha maji taka yaliyosafishwa, na ndege hawaulizi maji yametoka wapi.

Akaja. Wakati ule wanawake ndiyo kwanza tumeruhusiwa kuendesha gari, nikampakia mwenyewe, naye njia nzima kashika mlango. Alivaa kanzu nyeupe pe, kwa sababu baadaye tungepitia swala ya Ijumaa. Lenzi kaipakata kama mtoto mchanga. Tuliposhuka akanusa.

"Dada, hii harufu ni ya nini?"

"Ya mazingira, kaka."

Tukajibanza kwenye matete. Jua likapanda, ndege hayupo, na mimi nikawa naomba dua kimoyomoyo, maana mwenzangu alikuwa anaitazama saa yake kwa furaha. Ndipo mdiria akashuka, akatua karibu kabisa, kati yangu na mhandisi. Mhandisi akainua kamera. Sasa, lenzi kubwa za namna ile hazioni kitu kilicho karibu. Lazima mpigaji arudi nyuma. Akarudi kidogo, akarudi tena, jicho halibanduki kwenye kamera. Mimi nilikuwa naona kabisa kilichoko nyuma yake, nikanyamaza. Akateleza, akaketi matopeni mpaka kiunoni, lenzi kaiinua juu ya kichwa. Nikabonyeza. Ndege mbele, mhandisi nyuma, wote wamo.

Alipoiona picha akaitazama kanzu yake.

"Hii usiitume, dada. Nakuomba."

"Nikimkata shahidi pichani, kaka, nani ataniamini?"

Nilisema kwa utani, lakini ndege alikuwa ameshaondoka na sikuwa na picha nyingine. Akafuta mikono kwenye sehemu ya kanzu iliyobaki nyeupe, akaniomba niihamishie picha kwenye simu yake. Akaituma kundini yeye mwenyewe, pamoja na jina la lenzi yangu, na chini yake akaandika: "Mdiria ni wa kweli. Dada si mwizi. Aliye matopeni ni mimi."